Nyumba ya Kupanga na Fungu la Mnyonge

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake nyumba za kupumzikia na kusitirika. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu katika ibada zetu na katika mali zetu. Maana mtu huweza kuwa hodari wa kuswali safu ya mbele, na ilhali mkononi mwake mna haki ya mtu ambaye hakumridhisha.

Ijumaa hii nimekusudia kusema juu ya kupangisha nyumba, na hasa kuwapangisha wale ambao serikali imewawekea fungu la kuwasaidia maisha. Sisi watu wa Malinyi zamani tulikuwa sehemu ya Wilaya ya Ulanga, na ofisi za wilaya zilikuwa Mahenge. Tangu tulipokuwa wilaya peke yetu wamekuja walimu, waganga, makarani na wafanya biashara, na kila mwenye kiwanja amejitahidi kujenga vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Hilo si baya, bali ni neema, na ujira wa nyumba ni halali kwa ijmai ya wanazuoni. Lakini chumba kinapotafutwa na wengi, mwenye chumba huchagua. Na anapochagua, wa kwanza kuachwa nje ni mjane, mzee asiye na watoto wa kumtunza, na mama aliyeachwa na mumewe pamoja na watoto wanne.

Ndugu zangu, hao ndio wale ambao majina yao yalitajwa katika mikutano ya vijiji. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tunaouita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na mwaka 2012 ukaanza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Katika awamu ya kwanza fungu la msingi lilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, likilipwa kila baada ya miezi miwili, na kaya yenye watoto ikiongezewa kwa sharti ya kwamba watoto wapelekwe kliniki na shuleni. Fedha hizo hazikuitwa fedha za nyumba. Wengi wa walengwa wana vibanda vyao vijijini, walivyojenga kwa miti na udongo. Lakini aliye mjini asiye na kibanda, kodi ataitoa wapi kama si humo humo?

Hapo ndipo husikika maneno mawili, na yote mawili ni mabaya. Wa kwanza husema: "Huyu simpangishi, ni mtu wa kusaidiwa, siku msaada ukikatika nitamtoa vipi?" Wa pili husema kinyume chake: "Huyu anapokea fedha za serikali, basi naaongeze kodi." Mmoja anamkimbia maskini kwa sababu ni maskini, na mwingine anamkimbilia kwa sababu amepata kidogo.

Kwanza yapasa tujue kwamba kumsaidia mnyonge kwa mali ya umma si jambo la kuletwa juzi. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina hakuwa na nyumba, alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari miezi kadha mpaka msikiti na vyumba vyake vikajengwa. Na ulipokwisha msikiti, upande mmoja ulitengwa uwe na kivuli cha makuti ya mtende, wakae humo masahaba waliokuwa hawana jamaa wala mali. Ndio Ahlu-Suffa, na miongoni mwao alikuwa Abu Hurayra. Watu hao walilala msikitini na chakula chao kilitoka kwa Mtume na kwa Waislamu wenye uwezo. Je, kuna aliyewaona duni kwa hilo? Elimu tuliyo nayo leo, sehemu kubwa imetufikia kupitia kwa watu wa kivuli kile.

Kisha akaja Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) akaweka daftari la kugawa fedha za Baitul-mali, akampangia kila mtu fungu lake. Imepokewa kwamba mwanzo mtoto hakuandikiwa fungu mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja Umar alikuwa akilinda msafara uliofika nje ya mji, akasikia mtoto analia, akaenda kwa mama yake mara ya kwanza na ya pili na ya tatu. Yule mama, asimjue ni nani, akamwambia kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa Umar hatoi fungu ila kwa aliyeachishwa. Asubuhi Umar aliswalisha na watu hawakuweza kuisikia kisomo chake vizuri kwa kilio, kisha akaamrisha kila mtoto wa Kiislamu aandikiwe fungu tangu siku anayozaliwa. Na mzee asiyekuwa Mwislamu aliyemkuta akiomba milangoni, alimshika mkono, akampa, akaamrisha mfano wake waangaliwe kutoka Baitul-mali. Basi jirani yako Mkristo aliyeandikwa katika orodha ya kijiji, hukumu nitakazozitaja ni zake pia.

Yuko anayeuliza: "Sheikh, fedha za serikali zimechanganyika, zimo kodi za pombe na mengineyo. Nikizipokea kuwa kodi ya nyumba yangu nitakuwa nimekula halali?" Swali hili ni la mtu mwenye kuogopa, na jibu lake limo katika kisa cha Barira, mtumwa aliyeachwa huru na Bibi Aisha (R.A.). Barira alipewa nyama ya sadaka, akawaletea watu wa nyumba ya Mtume. Mtume (S.A.W.) haruhusiwi kula sadaka, lakini aliila nyama ile, akabainisha kwamba kwa Barira ilikuwa sadaka, ama kwao wao ni zawadi iliyotoka kwa Barira. Wanazuoni wamechukua humo kanuni kubwa: mali ikishaingia mkononi mwa mwenye kuistahiki imekuwa mali yake, na akiitoa kwa njia nyingine hukumu yake hugeuka. Basi fedha za msaada zikishafika mkononi mwa mama yule ni fedha zake. Akikulipa wewe kodi, wewe hupokei msaada. Unapokea ujira wa nyumba yako kutoka kwa mpangaji wako, kama unavyopokea kwa mwalimu na kwa karani. Ni halali yako.

Lakini kanuni hiyo hiyo inamfunga mwenye nyumba upande wa pili. Ikiwa fedha ni za yule mama, basi si zako mpaka akupe, na huna fungu ndani yake ila kodi mliyopatana.

Nimesikia watu wakizungumza juu ya kuwekeana kitambulisho cha mlengwa kuwa dhamana ya kodi. Mwenye nyumba huchukua kitambulisho, hukifungia sandukuni, na siku ya malipo huandamana na mpangaji kama askari anayemsindikiza mahabusu, akahesabu fedha yeye kwanza. Siku hizi ambapo malipo hupitia kwenye simu na benki, wengine hushika laini ya simu au namba ya siri. Sikilizeni hukumu yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata huku, kitu cha kuweka rehani sharti kiwe kitu kinachofaa kuuzwa, ili deni likishindikana kulipwa kiuzwe na mwenye haki alipwe. Kitambulisho hakiuzwi, namba ya siri haiuzwi. Kwa hiyo rehani hiyo ni batili tangu mwanzo, na kukizuia kitu cha mtu baada ya kuombwa ni ghasbu, yaani unyang'anyi, hata kama mwenyewe alikupa kwa mkono wake kwa kuogopa kutolewa nje. Tena fungu lile si la mama peke yake. Wamo watoto ambao serikali imewahesabu mmoja mmoja, kama alivyowahesabu Umar. Anayelizuia amezuia daftari na uji wa mtoto.

Ama kuongeza kodi, tutenganishe mambo. Muda wa mkataba ukiwa haujaisha, haijuzu kuongeza hata senti moja. Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzoni mwa Suratul-Maida tutekeleze ahadi tulizofungana, na mkataba wa miezi sita ni ahadi ya miezi sita. Muda ukiisha, mali ni ya mwenyewe, na sharia haikumwekea bei. Sisemi kwamba mkataba wake mpya utakuwa batili. Nasema kwamba mtu mwenye vyumba vitatu vilivyo sawa, ukuta mmoja na bati moja, akamtoza karani kodi yake na mjane akamwongezea, kwa sababu tu amesikia jina lake katika mkutano wa kijiji, mtu huyo amepata faida ambayo Uislamu hauipendi, na amefanya wema wa serikali uwe adhabu kwa aliyefanyiwa. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kudhuruiana. Na yule anayemkataa mjane kabisa naye atazame: huyo mama ana fungu linalojulikana na siku inayojulikana. Je, wachuuzi na vibarua wangapi anawapangisha bila kujua kesho watapata nini?

Jambo hili lina sura nyingine huko ughaibuni, na wasikilizaji wetu wanao jamaa huko. Nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1974, iko hati ambayo serikali humpa mtu wa kipato kidogo. Yeye hulipa kiasi cha asilimia 30 ya kipato chake, na sehemu iliyobaki serikali humlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Wamo Waislamu wa Afrika Mashariki waliokaa katika nyumba za namna hiyo, Minneapolis na Columbus, na sasa wamo miongoni mwao wenye nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba aliyeingia katika mpango ule haruhusiwi kudai nyongeza ya siri kwa mpangaji juu ya kodi iliyoandikwa, na masharti hayo kwa Mwislamu ni ahadi aliyoifunga. Haifai aseme kwamba serikali ile si ya Kiislamu. Uingereza nako wenye nyumba walikuwa wakitangaza waziwazi kwamba hawapokei mtu anayesaidiwa na serikali, mpaka mwaka 2020 mahakama ya mji wa York ilipohukumu kwamba kumkataa mtu kwa sababu hiyo tu ni ubaguzi usiokubaliwa na sheria. Ni ajabu kwamba hakimu wa York amefika pale ambapo sisi tulipaswa kuwa tumekwisha kufika.

Wako pia wanaopatana, mwenye nyumba na mpangaji, waandike kodi kubwa kuliko ya kweli ili wagawane kinachozidi. Huko ni kuiba mali ya umma. Mid'am, mtumishi wa Mtume, aliuawa kwa mshale baada ya Khaybar, watu wakampongeza kwa pepo; Mtume akawajulisha kwamba nguo aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa ilikuwa inamuwakia moto. Nguo moja, ndugu zangu.

Nawe mpangaji, usidhani hotuba hii imekuja kukupa udhuru. Kodi ni deni. Aliyepokea fungu lake akanunua kanga mbili na kumkimbia mwenye nyumba kwa kupitia mlango wa uani, huyo ni dhalimu, hata kama ni maskini, kwa kuwa mwenye uwezo wa kulipa akachelewesha amedhulumu. Wenye nyumba wengine ni wazee ambao chakula chao ni kodi ya chumba hicho kimoja. Na kama mmepatana kulipana kwa mpunga, kama ilivyo desturi ya bonde letu, hilo linajuzu maadamu kipimo kinajulikana: gunia ngapi, za kilo ngapi, mpunga mkavu au mbichi. Kusema "nitakutoa kitu nikivuna" si mkataba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, na ambalo katika bonde hili la mto Kilombero halikwepeki. Desturi yetu ni kudai kodi ya miezi mitatu, sita, au mwaka, kabla mtu hajaingiza kitanda. Kwa mama aliyekusanya fungu lake mara tatu au nne ili aipate hiyo kodi, hiyo ndiyo mali yake yote duniani. Kisha chumba kinavuja, choo kinajaa maji, ukuta unaanguka. Nani atakayebeba hasara?

Imamu Nawawi (R.A.) katika kitabu chake Minhaj amelieleza jambo hili kwa uwazi. Ufunguo ni juu ya mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji. Matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Akiharakisha kutengeneza, vema, na asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Ametaja hata theluji: ya juu ya dari ni juu ya mwenye nyumba kuiondoa, na ya uani, pamoja na takataka, ni juu ya mpangaji. Sisi hapa hatujapata kuiona theluji, na wanafunzi wangu hucheka tufikapo ukurasa ule. Huwaambia watazame juu, pale bati lilipotoboka. Bati la juu ni la mwenye nyumba. Kufagia uani ni kwa mpangaji. Theluji ya Shamu ndiyo mvua ya Malinyi.

Na nyumba ikianguka yote, mkataba unavunjika kwa muda uliobaki, wala hauvunjiki kwa muda uliopita. Tuseme mama amelipa miezi sita, kila mwezi shilingi 15,000, jumla shilingi 90,000. Amekaa miezi miwili, mafuriko yakaja, nyumba ikaanguka. Shilingi 30,000 ni halali ya mwenye nyumba, maana manufaa yake yamekwisha kutumika. Shilingi 60,000 zilizobaki ni mali ya mama, na kuzizuia ni kula mali ya mtu kwa batili. Masika ya mwaka 2024 maji ya Kilombero na Rufiji yalipofurika mliona wenyewe watu wakihamishwa na virago kichwani. Wangapi walirudishiwa kodi ya miezi ambayo hawakukaa?

Mwenye nyumba hujibu: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, sikuyaleta maji mimi." Kweli, ni kadari. Lakini iliyoanguka ni nyumba yako, na kadari hiyo imekufikia wewe katika mali yako. Haikukupa ruhusa ya kuihamishia mfukoni mwa mpangaji. Yeye hakununua ukuta. Alinunua kukaa, siku kwa siku, na siku zile hazikupatikana.

Yako mengine mawili yanayofanana na hilo. Watu wetu wakati wa kilimo huhamia mashambani, wakakaa huko vibandani kulinda mpunga mpaka mavuno, na chumba cha mjini kikabaki kimefungwa. Mwenye nyumba hana haki ya kuvunja kufuli na kumtia mtu mwingine kwa sababu "hakai mtu". Manufaa ya chumba kile amekwisha kuyauza. Akiyauza tena amekula bei mbili kwa kitu kimoja. La pili ni kifo. Katika madhehebu yetu mkataba wa kupangisha hauvunjiki kwa kufa mmoja wa waliofungana. Basi mzee mwenye nyumba akifariki, warithi hawana haki ya kumwambia mjane, siku ya tatu ya matanga, afungashe vyombo vyake ili wagawane vyumba. Wanarithi nyumba pamoja na mpangaji aliyemo, mpaka muda wake uishe.

Nikirudi kwenye zile shilingi 60,000: huenda mwenye nyumba naye amebaki mikono mitupu, bati limekwenda na maji, na fedha alikwisha kuzinunulia saruji. Huyo halazimishwi asichokuwa nacho. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara ameamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na hapo mjane ndiye mwenye kudai na tajiri wa jana ndiye mwenye kuomba muda. Lakini kumngojea si kulifuta deni. Liandikwe, kama Mola wetu alivyotufundisha katika aya ya deni, mbele ya mashahidi wawili, imamu wa msikiti au mtendaji wa kijiji akiwamo, kiasi kitajwe na siku ya kulipa itajwe kwa tarehe na mwezi. Wala isiandikwe "tukivuna", maana yuko anayevuna Mei, na yuko ambaye mpunga wake bado umo shambani Julai.

Nasema haya na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ndiye Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.